Retina Iliyobanduka na Safari ya Kupanda Kitonga

Maneno haya niliyasema mbele ya waganga wafawidhi wa zahanati, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, na wagonjwa wetu wa macho pamoja na ndugu zao, katika ukumbi mmoja hapa Mbeya. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema, nikiongeza kidogo pale ambapo muda ulinibana.

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu na ndugu zangu, habari za asubuhi. Mliotoka Iringa na Njombe, kamwene. Wa Rungwe na Kyela, ugonile. Najua wapo walioamka saa kumi usiku kuwahi gari, na baridi ya Makete mnaijua wenyewe. Kwa hiyo sitawazungusha: leo ni habari ya retina, utando wa nyuma ya jicho, inapobanduka.

Nataka kuanza na mtu mmoja. Alikuwa mkulima wa viazi, miaka 50 na kitu. Alikuja kliniki siku ya Jumatatu, wakati huo mimi bado kijana kazini. Akaniambia tangu Jumamosi anaona vidoa vyeusi vinaelea mbele ya jicho la kushoto, kama inzi wadogo, na usiku akigeuza shingo anaona mwanga unamulika pembeni kama radi ya mbali. Nikampima kwenye ubao wa herufi. Jicho lile lilisoma mpaka mstari wa 6/9, na hilo ni jicho zuri. Benchi lilikuwa limejaa wazee wa mtoto wa jicho waliotoka mbali, wengine hawaoni kabisa. Nikamwandikia matone, nikamwambia arudi baada ya wiki mbili.

Alirudi baada ya wiki saba, kwa sababu viazi vilikuwa tayari na lori la mnunuzi halimsubiri mtu. Alikuja ameshikwa mkono na mwanawe wa kike. Jicho lile sasa lilikuwa linaona kiganja kikipungwa mbele ya uso, basi. Jicho la kulia lilikuwa limeharibika tangu utotoni kwa mwiba. Akanishukuru kwa kumpokea siku ile ya kwanza. Nilishindwa hata kumtazama.

Yote nitakayosema leo yanatoka ndani ya wiki zile saba, na ndani ya safari aliyosafiri baadaye.

Wengi wetu hapa tumelelewa katika nyumba za udongo ambazo mama alibandika magazeti ukutani kwa uji wa sembe. Gazeti likishika vizuri, unalisoma miaka. Sasa gazeti lile likichanika mahali padogo, na maji ya mvua yakapenya kwenye ule mchaniko, yanaingia nyuma ya karatasi na kuitenga na ukuta polepole, mpaka upande mzima unaning'inia. Retina ni hivyo hivyo. Ni utando uliolala ukutani, nyuma ya jicho kwa ndani, mwembamba kuliko nusu milimita, na ndio unaopokea mwanga na kuupeleka kwenye ubongo. Mbele yake jicho limejaa ute kama wa yai. Kadiri umri unavyokwenda ute ule unalainika kuwa majimaji na kusinyaa, na unaposinyaa unaivuta retina. Mvuto huo ndio unaoleta ile mimuliko ya radi. Ukivuta mahali palipo dhaifu, retina inachanika, na wale inzi weusi mara nyingi ni vipande vya ute au chembe za damu. Kisha majimaji yanapenya kwenye tundu na kuibandua retina.

Mgonjwa akiwa katika hatua ya tundu peke yake, kabla maji hayajapenya, kazi ni ndogo: daktari anapiga leza kuzunguka tundu, dakika chache tu, na baada ya wiki mbili hivi kovu la leza limeshikilia. Mkulima wangu siku ya Jumatatu huenda alikuwa hapo. Sitajua kamwe, kwa sababu sikumpanua mboni nikamwangalia ndani.

Wanaopatwa zaidi ni watu wenye miwani mizito ya kuonea mbali, waliowahi kutolewa mtoto wa jicho, waliowahi kuumia jicho, na wale ambao ndugu zao wa damu waliwahi kupatwa. Katika nchi zilizohesabu vizuri, ni kama mtu 1 kwa kila watu 10,000 kwa mwaka. Si ugonjwa wa kila siku, na ndiyo maana unatuponyoka.

Waganga wafawidhi, hapa nisikilizeni kwa makini, maana hili ndilo lililonishinda mimi. Tumezoea kwamba anayeona vibaya zaidi ndiye wa haraka zaidi. Kwa retina ni kinyume. Katikati ya retina kuna doa dogo liitwalo makula. Doa hilo ndilo linalosoma, linalotambua sura ya mtoto wako, linalokuwezesha kutia uzi kwenye sindano. Kama retina imebanduka pembeni lakini makula bado imeshika ukuta, mgonjwa bado anasoma ubao vizuri. Huyo ndiye wa kupelekwa leo hii, alale njiani ikibidi, maana akipasuliwa kabla makula haijabanduka anaweza kubaki na uwezo wake karibu wote. Makula ikishaachia ukuta, saa zinahesabiwa kwa namna nyingine. Seli zinazopokea mwanga hulishwa kutoka ukutani, na zikitengwa na ukuta zinaanza kufa ndani ya siku chache. Bado tunakimbia, kwa sababu kumpasua katika siku 3 za mwanzo ni bora kuliko baada ya wiki, na wiki ni bora kuliko mwezi. Lakini hatutarudisha kila kitu.

Kwa hiyo mgonjwa akija na mimuliko mipya, inzi wapya wengi kwa ghafla, au akakwambia kuna kivuli kama pazia linashuka, au linapanda kutoka chini, au linaingia kutoka pembeni, usifarijike kwa sababu amesoma 6/9. Matone hayarudishi retina ukutani, wala vidonge. Na jambo jingine linalotuponza: jicho hili haliumi, haliwi jekundu, halitoi tongotongo. Mtu anaweza kulima nalo mpaka jioni.

Kuna imani nyingine inayotuchelewesha, na nadhani tumeisababisha sisi wenyewe watu wa hospitali. Zamani tuliwaambia wazee wasubiri mtoto wa jicho "akomae" ndipo apasuliwe. Neno lile limesambaa vijijini na sasa watu wanasubiri kila ugonjwa wa jicho ukomae. Retina ikikomaa imekufa. Naombeni mliseme hili kanisani, msikitini, kwenye vikoba, kwenye mnada.

Nirudi kwenye gazeti. Likibanduka leo, ukalipaka uji upya na kulisugua kwa kiganja, linalala. Likining'inia wiki saba juani na kwenye moshi wa jikoni, linakauka, linajikunja, linakuwa gumu. Hata ukilipaka uji wa debe zima halilali, linachanika mahali pengine. Hiyo ndiyo retina iliyobanduka yenye matatizo, ambayo upasuaji wake ni mgumu.

Kinachotokea ndani ni hiki. Nyuma ya retina, ukutani, kuna safu ya seli nyeusi. Retina ikichanika, baadhi ya seli hizo zinapita kwenye tundu na kutawanyika ndani ya jicho. Zinatua juu ya retina na chini yake, zinaongezeka, zinatengeneza utando wa kovu, na utando huo unasinyaa kama ngozi ya mbuzi iliyoanikwa. Retina inavutwa, inajikunja mikunjo yenye umbo la nyota. Damu ndani ya jicho inauchochea moto huo, uvimbe unauchochea, tundu likiwa kubwa seli zinapita nyingi zaidi, na sigara pia imeonekana kuuongeza. Kwa wastani unaotajwa na madaktari wa retina, wagonjwa 5 hadi 10 katika kila 100 hupata makovu haya, mara nyingi katika wiki chache baada ya upasuaji wa kwanza. Kwetu huku, wanaofika wamechelewa, makovu tunayakuta yameshakaa hata kabla kisu hakijaguswa.

Zipo njia nyingine za kufikia ugumu huo. Mwenye kisukari asiyetibiwa vizuri huota mishipa mipya ya damu juu ya retina, mishipa dhaifu, inavuja, inageuka kovu, na kovu linainua retina kama nguzo inavyoinua turubai la msibani, bila hata tundu. Huyu mara nyingi huchomwa sindano ya kusinyaza mishipa siku chache kabla ya upasuaji ili damu isimwagike. Na wapo wa majeraha: kipande cha chuma kilichoruka fundi akigonga patasi, kibanzi cha kuni, manati, fimbo. Jicho lililopigwa kwa nguvu linaweza kuchanika retina robo nzima ya duara lake, ikapinduka kama shuka. Watoto ndio wananiumiza zaidi. Mtoto hasemi kwamba jicho moja limezimika, kwa sababu jingine linamtosha kucheza. Tunagundua mwalimu anapompima, miezi imepita, na makovu ya mtoto hukua haraka kuliko ya mtu mzima.

Zamani retina ikibanduka ndiyo imekwisha. Madaktari wa Ulaya walikuwa wanawalaza watu kitandani wiki nyingi bila kutikisa kichwa. Aliyebadilisha ni daktari wa Uswisi, Jules Gonin wa Lausanne, ambaye katika miaka ya 1920 alishikilia kwamba chanzo ni ule mchaniko, na kwamba usipoutafuta na kuuziba unapoteza muda. Wenzake wengi walimpinga miaka, naye akaendelea kutafuta matundu na kuyachoma. Halafu mwanzoni mwa miaka ya 1970, kule Miami nchini Marekani, Robert Machemer akatengeneza kifaa cha kukata na kunyonya ute kutoka ndani ya jicho bila kulifungua. Majaribio ya mwanzo aliyafanya kwa ute wa yai. Upasuaji wa leo wa retina yenye makovu umesimama juu ya kazi ya watu hao wawili.

Mkulima wangu nilimsindikiza mwenyewe mpaka Dar es Salaam, na daktari bingwa aliniruhusu kuangalia kwenye skrini. Walitoboa matundu matatu kwenye weupe wa jicho, milimita 4 hivi kutoka ukingo wa duara jeusi, kila tundu halifiki milimita moja. Moja linaingiza maji ili jicho lisinywee, la pili linaingiza taa, la tatu linaingiza mkasi mdogo unaokata maelfu ya mara kwa dakika. Ute ukaondoka. Ndipo tukaiona retina yenyewe: imekunjamana, nyeupe, imesimama kama ua lililofumba.

Kisha ikaja sehemu ambayo sitaisahau. Ukimenya yai la kuchemsha, kuna utando mwembamba kati ya ganda na yai. Sasa fikirini kuumenya utando ule kutoka kwenye kitu laini kuliko yai, kwa koleo lenye ncha kama ya sindano, bila kukichana kilicho chini. Daktari alishika ukingo wa kovu, akavuta kidogo, akaacha. Akashika tena. Akavuta kwa upande, si kwa juu. Mkunjo mmoja ukafunguka, retina ikalegea. Alitumia dakika 40 kwenye mkunjo wa pili peke yake, na hakuna aliyezungumza. Upande wa chini palikuwa pamekakamaa kabisa, ikabidi akate kipande cha retina na kukitupa ili iliyobaki iweze kulala. Mnisikie vizuri: ilibidi kutoa sehemu ya uwezo wa kuona ili kuokoa sehemu nyingine. Baada ya hapo akamwaga ndani kimiminika kizito kuliko maji, kinachotua chini na kuikandamiza retina ukutani kama kiganja juu ya gazeti, akapiga leza kuzunguka, halafu akakitoa kimiminika kile na kuweka mafuta ya silikoni.

Kwa nini mafuta? Nimefika kwenye jambo ambalo sisi wa Nyanda za Juu Kusini tunapaswa kulijua kuliko Mtanzania mwingine yeyote.

Baada ya retina kulazwa, lazima kiwepo kitu ndani cha kuishikilia mpaka leza ishike. Daktari ana vitu viwili: gesi au mafuta. Gesi ni nzuri, inaisha yenyewe. Ipo inayokaa kama wiki 2, ipo inayokaa mpaka wiki 8 hivi. Lakini tazameni hii pakiti ya krispi. Niliinunua Morogoro juzi, ilikuwa imelegea mkononi. Ioneni sasa, imevimba kama mpira. Hakuna aliyeipuliza. Hapa Mbeya tuko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa inayoibana pakiti kwa nje imepungua, basi hewa ya ndani imetanuka. Wote mnaosafiri mmeliona hili, ila hatukuwahi kufikiria kwamba linaweza kutokea ndani ya jicho.

Jicho si pakiti, halitanuki. Ndani yake nyuma kuna nafasi ya mililita 4 tu. Mtu akiwekewa gesi Dar es Salaam na jicho limejaa, kisha akapanda mpaka Mbeya, gesi ile inataka nafasi kubwa kuliko iliyokuwa nayo, kwa zaidi ya moja ya tano. Nafasi hiyo haipo. Presha ya jicho inapanda, damu inashindwa kuingia, retina inakosa hewa, na jicho lililopasuliwa vizuri linazimika barabarani. Ndege ni mbaya zaidi, kwa sababu ndani ya ndege hewa hupungua hata kuliko ya hapa Mbeya, hivyo anayefikiri kwamba kutua Songwe ni salama kuliko basi amekosea. Treni ya TAZARA nayo inapanda, muulizeni yeyote aliyesafiri Mlimba kwenda Makambako. Aliyepasuliwa Moshi yuko juu kidogo kuliko wa Dar, lakini bado ana mlima mbele yake.

Namfahamu mwalimu mmoja wa kike aliyepasuliwa katika hospitali moja huko pwani, akawekewa gesi, akaruhusiwa siku ya pili na kupanda basi. Hakuna aliyemuuliza anaishi wapi. Ruaha Mbuyuni alikunywa chai, hana shida. Walipomaliza kona za Kitonga, ule mlima wa barabara ya kupandia Iringa, alishika kichwa. Ilula alikuwa anatapika na kusema jicho linataka kutoka. Abiria wakadhani ni kona, wakampa ndimu. Alipofika kwetu usiku jicho lilikuwa gumu kama gololi. Tulimpa dawa za kushusha presha, tukafanya tulichoweza. Halikurudi.

Kama lingetokea mbele yako ndani ya basi, ushauri wangu ni huu: mshusheni, mrudisheni chini alikotoka, na mumpeleke hospitali iliyo karibu huko chini. Kila mita anayoshuka inamsaidia.

Na kabla ya kufika huko, naomba kila mmoja wenu afanye jambo moja dogo. Kwenye karatasi ya rufaa, mkishaandika jina la kijiji na wilaya, andikeni pia mwinuko. "Anaishi Makete, zaidi ya mita 2,000." "Anaishi Mbeya mjini, mita 1,700." Daktari wa pwani anaweza asiijue Kitonga, lakini namba hiyo ataielewa mara moja. Ataamua ama kuweka mafuta, ambayo hayatanuki, ama kuweka gesi na kumwambia mgonjwa abaki huko chini mpaka iishe. Mgonjwa naye, mama yangu, baba yangu, usione aibu kusema: "Daktari, nyumbani kwangu ni mlimani." Ukiwekewa gesi utavishwa utepe mkononi. Usiuvue. Ukihitaji upasuaji mwingine wowote wakati huo, hata wa ngiri, mwambie anayekupa nusu kaputi, maana ipo hewa ya usingizi inayoingia ndani ya ile gesi na kuivimbisha vilevile.

Mwenye gesi anaweza kuifuatilia mwenyewe. Mwanzoni haoni kitu isipokuwa ukungu. Baada ya siku kadhaa anaona mstari unaocheza kama maji kwenye bilauli. Mstari unashuka kila siku, kisha inabaki gololi moja inayoviringika chini, na siku moja gololi haipo. Hata hivyo asipande mlima mpaka daktari amwangalie na kuthibitisha.

Mafuta nayo yana deni lake. Mara nyingi lazima yatolewe baada ya miezi 3 hadi 6. Yakikaa mno yanavunjika vitone vidogo, vinaziba mfereji wa maji ya jicho, presha inapanda, kioo cha mbele kinapata weupe, na mtoto wa jicho karibu kila mara anafuata. Wagonjwa wetu wengi wanarudi nyumbani na mafuta, wanaona kidogo, wanaridhika, nauli inakosekana, tarehe inapita. Ninyi wahudumu wa afya mnaozunguka kaya kwa kaya ndio mnaoweza kujua nani ana mafuta ndani ya jicho na tarehe yake ni lini. Iandikeni kwenye daftari pamoja na za chanjo.

Kuhusu kulala kifudifudi, sitasema mengi, kwa kuwa kila daktari hutoa maagizo yake kulingana na tundu lilipo. Gesi na mafuta huelea kwenda juu, hivyo kichwa kinainamishwa ili sehemu iliyopasuliwa iwe juu. Nyumbani inawezekana: kaa kwenye kigoda, weka mto mezani, laza paji la uso juu ya khanga iliyokunjwa. Anayeuguza asome gazeti kwa sauti, siku zipite. Mgonjwa asibebe ndoo, asipasue kuni, asipande bodaboda kwenye makorongo, na matone yake yasikatishwe hata kama jicho limeacha kuwasha.

Sasa niseme ukweli ambao ndugu wa wagonjwa huwa hawaambiwi mapema. Daktari wa retina akitoka thieta na kusema "imefanikiwa", mara nyingi ana maana kwamba retina imelala ukutani. Mgonjwa anasikia kwamba ataona. Hayo ni mambo mawili. Retina iliyobanduka juzi, bila makovu, hulala kwa upasuaji mmoja kwa watu 85 hadi 90 kati ya 100. Yenye makovu inaweza kuhitaji upasuaji wa pili na wa tatu, na hata ikilala, kuona kunategemea makula ilikaa muda gani mbali na ukuta, makovu yalikuwa mengi kiasi gani, kama kisukari kimedhibitiwa, kama jicho liliwahi kuumia, na kama presha yake baada ya upasuaji haikupanda mno wala haikushuka mno. Mistari inaweza kuonekana imepinda. Miwani lazima ibadilishwe. Na kuona kunaendelea kuongezeka polepole kwa miezi, hata kufikia mwaka na zaidi, kwa hiyo mgonjwa asihukumiwe kwa mwezi wa kwanza. Semeni haya yote kabla hajasaini. Mtu aliyeambiwa ukweli anavumilia upasuaji wa pili. Aliyeahidiwa muujiza hukimbilia kwa anayemtia majani ndani ya jicho.

Lakini pia msidharau kidogo kinachopatikana. Mkulima wangu, baada ya upasuaji mara mbili na mafuta kutolewa, anahesabu vidole kwa umbali wa mita mbili. Kwenye ubao wetu hiyo ni namba ya kusikitisha. Kwake ni kwenda chooni usiku bila kumwamsha binti yake, ambaye kwa sababu hiyo aliweza kurudi shule. Anachagua mbegu ya viazi kwa kupapasa na kwa kuona, vyote viwili. Wadogo zake wa damu wote watatu tuliwaita, tukawapanua mboni, na mmoja tulimkuta na tundu lisilo na dalili yoyote. Alipigwa leza, akaenda zake shamba wiki ileile.

Chai iko tayari lakini naomba tuitumie robo saa hii kwanza. Kaeni wawili wawili, mtazamane, umbali wa mita moja. Wa kushoto kwangu leo ndiye mgonjwa. Mgonjwa afunike jicho lake la kushoto kwa kiganja, asibonyeze. Wewe mpimaji funga jicho lako la kulia. Mgonjwa anatazama jicho lako lililo wazi, haliachi. Sasa nyoosha mkono katikati yenu, juu kulia, onyesha vidole viwili: "Vingapi?" Kisha chini kulia. Kisha juu kushoto, chini kushoto. Penye pazia hataona vidole. Mkimaliza, badilisheni jicho. Mzee wangu wa pale nyuma, wewe huna mwenzako, njoo hapa mbele kwangu.